Jembe la Siku ya Tatu

Katika Kiswahili cha mjini, neno ushamba ni tusi. Asiyejua adabu za meza ni mshamba. Nguo iliyopitwa na wakati ni ya kishamba. Na anayeduwaa mbele ya taa nyingi huambiwa kwamba ushamba haujamtoka. Lugha yetu ililelewa kando ya bandari, baina ya msikiti na soko, na kwa karne nyingi imelitazama shamba kwa jicho la mtu aliyekaa barazani. Lakini katika zama hizi limetokea jambo ambalo wazee wetu wa barazani wangelicheka. Watu waliozaliwa katika miji mikubwa kabisa ya dunia hulipa nauli, huvuka bahari, kisha hulipa tena kwa kila usiku, ili walale mahali ambapo jogoo ndiye saa na chakula hutoka mchangani siku ile ile kinapoliwa. Wanaununua ushamba, tena kwa bei ghali.

Biashara hii ina majina mengi: likizo ya shambani, utalii wa kilimo, mapumziko ya siha na maumbile. Ahadi yake ni moja. Iko familia, husemwa, inayolima ardhi yake kwa upole, bila sumu na bila pupa. Njoo ukae nayo siku saba, ule inachokila, utembee chini ya miti yake, ukandwe kwa mafuta ya mimea yake, nawe utarudi kwenu u mzima. Si ahadi ya kubezwa. Mji umewachosha watu kweli. Na mkulima mdogo, ambaye bei ya mazao yake hupangwa na watu asiowajua, amepata mlango mwingine wa riziki. Mwenye kuhitaji pumzi amekutana na mwenye kuhitaji fedha. Kuna ubaya gani?

Swali hili halitaki jibu la haraka. Lugha yenyewe imetutangulia kulifikiri, kwani kupumzika kumetokana na pumzi. Apumzikaye ni yule aliyerudishiwa pumzi zake. Basi yafaa tuulize: pumzi hizo zimetoka wapi? Je, mtu aweza kununua pumziko katika mahali pa kazi ya mwenzake pasipo mmoja wao kupungukiwa? Na ikiwa yawezekana, ni kwa sharti gani?

Wahenga walituachia methali ambayo kila mtoto wa pwani anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu tunaitumia kwa mzaha, kumwonya anayekaa mno. Twamfikiria mwenye nyumba aliyechoka, akihesabu vibaba vya mchele vilivyobaki, akimtazama mgeni na kulitazama jembe lililoegemezwa ukutani. Maana hiyo imo, wala hatuikani. Lakini methali ni kama nazi: maji yake huonekana upesi, tui lake hutaka kazi.

Tulifikirie jembe lenyewe. Kumpa mtu jembe ni kumwamini. Ni kumwonyesha mpaka wa shamba, kumwambia wapi pana mhogo na wapi pana magugu, na kumwacha aguse kile ambacho watoto wa nyumba watakila mwakani. Mgeni anayekaa mwezi mzima akipakuliwa wali na kuzuiwa asinyanyue hata ndoo, huyo ni mgeni bado. Heshima anayopewa ni ukuta. Siku ya tatu ukuta unavunjwa. Mwenye nyumba anasema kwa chuma na mpini kile asichoweza kukisema kwa maneno: sasa u wetu. Kwa hiyo methali ina heshima mbili, si heshima moja na fedheha moja. Wali wa siku mbili ni heshima ya kumpokea mtu. Jembe la siku ya tatu ni heshima ya kumwingiza.

Sasa tuitazame likizo ya shambani kwa methali hiyo. Humo pia mgeni hupewa jembe. Hupewa saa ya kwanza, kwa muda wa nusu saa, katika tuta lililokwisha kulimwa, na mwenzake anampiga picha. Halafu hunawishwa mikono na kuletewa maji ya madafu. Simcheki, huenda nusu saa ile ndiyo iliyo ya kweli kabisa katika mwaka wake. Lakini tuone kilichotokea. Jembe la methali halina bei na lilikuja baada ya siku mbili za kujuana. Jembe hili lina bei na limekuja kabla ya majina kushikwa. Na kuna jambo zito zaidi. Anayelipa kwa kila usiku haifikii siku ya tatu kamwe. Kila asubuhi deni lake limekwisha kulipwa, hakuna anachodaiwa na hakuna anachodai. Kila siku yake ni siku ya kwanza. Fedha imemnunulia ugeni usiokoma.

Hapo ndipo penye huzuni. Mtu huyu ameondoka mjini kwa sababu gani? Kwa kuwa alichoka kuishi miongoni mwa watu wasiomjua, kula chakula asichojua kimelimwa na nani, kulipa na kulipwa bila kuonana ana kwa ana. Ugonjwa wake ni ugeni. Akaja shambani kutafuta dawa, akauziwa ugeni mwingine, mtamu zaidi, wenye kivuli cha miembe.

Wako walioliona jambo hili wakalitafutia njia. Mwaka 1971, Sue Coppard, aliyekuwa katibu muhtasi mjini London, aliwaza jinsi watu wa mji wasio na jamaa mashambani wangeweza kwenda huko. Akapanga wikiendi ya kwanza katika shamba moja la kilimo-hai huko Sussex: wageni wafanye kazi, wenyeji wawape chakula na malazi, na fedha isipite baina yao. Kutokana na wikiendi hiyo ulizaliwa mtandao unaoitwa WWOOF, ambao umeenea katika nchi nyingi. Mwanamke huyo wa London alifika kule kule walikofika wahenga wetu: kwamba mgeni hapati shamba kwa kulitazama, bali kwa kuinama. Hata mpango huo una matatizo yake, kwani mwenyeji asiye mwema aweza kugeuza ugeni kuwa kibarua cha bure. Lakini umeliweka jembe mahali pake katika swali letu.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, tutazame vilima vyetu wenyewe, maana Unguja haikuanza jana kuwa mahali pa kupumzikia shambani. Pale Kidichi, kaskazini-mashariki ya mji, katika nchi ya mikarafuu, bado yamesimama mahamamu yaliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Kuta zake zimepambwa kwa lipu iliyochongwa ndege, maua na mitende, kwa ufundi wa nchi alikotoka bibi huyo. Watu wa kasri walikwenda huko kutoka pwani, wakakagua mashamba, wakaoga, wakapunga upepo wa mlimani. Kila sifa ya mapumziko ya siha ilikuwako: maji, mimea, ukimya, hewa, na umbali na mji. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na maisha ya Mtoni na ya mashambani yamo ndani yake yakiwa na hamu ya mtu aliyekwisha kuyapoteza.

Lakini mlima ule ule ulikuwa na watu wengine. Mikarafuu ilipandwa na kupaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897 tu. Kwa hiyo, jioni moja ya msimu katika miaka ile ya 1850, mlima mmoja ulibeba pumzi mbili: pumzi ya anayetoka katika maji ya vuguvugu na pumzi ya anayeshuka kutoka juu ya mkarafuu akiwa na pakacha lake. Ya kwanza ilikuwa ndefu kwa kuwa ya pili ilikuwa fupi.

Siyasemi haya ili kuwatia hatiani walioko kwa makosa ya waliopita. Nayasema ili tusidanganywe na uzuri wa mahali. Upepo, maji na harufu ya maua havitoi ushahidi wowote juu ya uadilifu. Mahali paweza kuwa pa siha kabisa kwa mmoja na pa mateso kabisa kwa mwingine, na anayeoga asisikie chochote, kwa sababu kuta za hamamu ni nene.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na mashamba makubwa yakagawanywa kwa vipande vya eka tatu tatu. Wengi waliokuwa vibarua na wakaazi wa mashamba ya wengine walipata pa kulima kwa haki ya matumizi. Kwa namna hii shamba la familia, katika maana inayotuhusu hapa, ni jambo changa Unguja na Pemba. Lina umri wa binadamu mmoja. Kisha uchumi ukaligeukia. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ikaanguka. Wakati huo huo milango ya utalii ilikuwa ikifunguliwa. Mkulima wa Kizimbani, Kidichi au Dole akajikuta na eka tatu za miti isiyolipa, na barabara inayopitisha magari ya wageni kutoka mjini na hotelini.

Hivyo ndivyo zilivyoshamiri ziara za viungo. Kila asiyekuwa mgeni hapa anazijua. Mtembeza wageni hukata jani, hulifikicha, hulitia puani mwa mtu na kumwuliza: hiki ni nini? Mdalasini, kungumanga, hiliki, pilipili manga, manjano, mchaichai, mlangilangi. Tunda la mzingifuri hupasuliwa na rangi yake kupakwa midomoni mwa mwanamke huku wote wakicheka. Mkwezi hupanda mnazi akiimba, akatikisa miguu juu angani, akashuka na madafu. Wageni huvishwa kofia na tai za makuti, wakala wali wa viungo, wakanunua vifuko, wakatoa bakshishi, wakaenda zao.

Katika baadhi ya mashamba hayo, ziara imekaa juu ya kilimo kama mgeni juu ya kitanda cha kamba: kilimo ndicho kinachoibeba. Katika mengine kilimo kimeondoka na imebaki kamusi. Mkarafuu mmoja, mkungumanga mmoja, mvanila mmoja, kila mti umekuwa kidahizo, umepandwa ili usomwe. Mkarafuu unaonuswa na vikundi kumi kwa siku una faida kuliko mkarafuu unaochumwa mara moja kwa mwaka. Na mwenye shamba, ambaye babu yake alikuwa akichuma kwa pishi shamba la mtu, sasa anaigiza kuwa mkulima katika shamba lake mwenyewe.

Chukua mfano wa vanila, maana ndani yake mna historia nzima. Katika visiwa vyetu, mbali na nyuki wa Mexico ulikotoka mmea huu, ua la vanila halizai lisiposaidiwa kwa mkono wa mtu, nalo hukaa wazi muda wa siku moja tu. Njia ya kulisaidia, kwa kijiti chembamba na ncha ya kidole gumba, iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12 jina lake Edmond. Alipata uhuru utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848, akapewa jina la ukoo la Albius; akafa maskini mwaka 1880, ilhali ujuzi wa vidole vyake umetajirisha watu katika nchi ambazo hakuziona. Mgeni anayenusa vanila shambani na kusema kwamba harufu ile inamtuliza, anasema kweli. Anayemtuliza ni ua, na mkono. Na mkono hauna harufu.

Au tuchukue singo. Karafuu, langilangi, asumini, maji ya mawaridi na vinginevyo, vilivyotwangwa na kuchanganywa ili kumsugua bibi harusi, leo vinapatikana katika vyumba vya kukandwa vya hoteli, kwa bei iliyoandikwa ukutani. Mimea ni ile ile na ngozi hung'aa vile vile. Lakini singo ya harusi haikuwa dawa ya ngozi peke yake. Aliyesugua alikuwa somo au shangazi au jirani, mwenye haki ya kumwambia mwari maneno magumu huku akimpaka; na mwari alijua kwamba iko siku naye atamsugua binti wa mtu. Ilikuwa zamu. Singo ya hotelini haina zamu: mikono yule anayesugua haitasuguliwa na huyu anayesuguliwa. Kama tunataka kujua ni nini hupotea pale siha inapouzwa, nadhani ni hicho. Haipotei harufu, inapotea zamu.

Tatizo hili si la kisiwa chetu peke yake, wala hatukulibuni sisi. Nchi iliyolifikiri kwa muda mrefu kabisa pengine ni Italia. Karibu miaka elfu mbili na hamsini iliyopita mshairi wao Horace, mwana wa mtu aliyekuwa mtumwa akakombolewa, alipewa na mfadhili wake Maecenas shamba katika vilima vya Wasabini, nje ya Roma. Akalipenda kupita kiasi. Humo alipata usingizi na mashairi. Miongoni mwa nyaraka zake za kishairi upo mmoja aliomwandikia msimamizi wa shamba hilo, naye ni mtumwa. Mshairi akiwa mjini analitamani shamba; msimamizi, ambaye alipokuwa mjini aliomba apelekwe shamba, sasa anatamani michezo, mahamamu na vilabu vya mjini. Mshairi anamcheka kidogo kwa kigeugeu chake. Lakini msomaji wa leo aweza kumtetea msimamizi. Shamba lilikuwa pumziko kwa yule aliyeweza kuondoka. Kwa yule ambaye hakuweza kuondoka, lilikuwa shamba tu.

Katika nchi hiyo hiyo, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijiji vilihamwa na vijana wakaelekea viwandani. Wakulima wengine wakaanza kuwakaribisha wageni ili nyumba za mawe zisibomoke. Chama chao cha kwanza cha kitaifa, Agriturist, kilianzishwa mwaka 1965, na bunge likapitisha sheria mahsusi mwaka 1985, kisha nyingine mwaka 2006. Sheria kwa kawaida si mahali pa kutafutia hekima, lakini hii ina jambo la kuvutia. Inasema kwamba anayepokea wageni kwa jina la utalii wa shambani lazima awe mkulima, na kilimo lazima kiwe ndiyo kazi kuu kuliko ugeni. Na ukuu huo unapimwaje? Si kwa fedha. Hasa kwa muda wa kazi. Zinatazamwa saa ambazo shamba linadai na saa ambazo wageni wanadai, na saa za shamba lazima zizidi. Na ikiwa wageni hawazidi 10, sheria inakubali bila ubishi kwamba kilimo bado ni kikuu.

Sijui kama waliotunga sheria ile walikusudia falsafa. Yumkini walikusudia kodi. Lakini wamegusa mahali panapouma. Fedha ya mgeni yaweza kuwa nyingi kuliko fedha ya mavuno na shamba likabaki shamba. Siku ambapo mwenye shamba anaamka akimfikiria mgeni kabla ya kuifikiria mvua, shamba limekwisha, hata kama kila mti bado umesimama.

Kutokana na hayo yote nathubutu kutoa kauli. Pumziko la shambani ni halali, na tena ni jema, pale ambapo mwenyeji anaweza kulifunga lango lake. Shamba linaloishi kwa mazao yake laweza kumwambia mgeni: wiki hii usije, tunachuma, au: njoo, lakini hatutakuwa na muda wa kukuimbia. Shamba linaloishi kwa kutazamwa haliwezi kusema hivyo. Limepoteza uwezo wa kukataa, na asiyeweza kukataa hawezi kukaribisha. Anaweza kutii tu. Karibu ya mtu asiyeweza kusema hapana ni karibu ya mtumishi, hata kama ardhi ni yake na tabasamu ni pana. Na mgeni anayepokelewa hivyo hapumziki kwa kweli, kwa kuwa roho yake, hata isipojua sababu, husikia kwamba iko mbele ya mchezo.

Yako majibu mawili ambayo nimeyasikia, na yote mawili yanastahili heshima. La kwanza hutoka kwa mkulima mwenyewe. Anasema: nyinyi waandishi mnataka nibaki na jembe ili nyoyo zenu zitulie. Je, mmewahi kupanda mkarafuu? Matawi yake huvunjika bila kuaga, na kila msimu wapo wanaoanguka. Kumwonyesha mtu jani na kulipwa ni kazi safi. Mwanangu amesoma kwayo. Na nisingepata wageni, eka hizi zingekwisha kukatwa viwanja, maana nyumba zinapanda kutoka mjini kila mwaka. Nani atamjibu? Mti unaonuswa ni afadhali kuliko mti uliokatwa, na mtu hana wajibu wa kuwa maskini ili awe wa kweli. Lakini kauli yangu haimtaki aache wageni. Yamtaka, na zaidi yatutaka sisi, tumpe uwezo wa kuwakataa: bei ya haki ya karafuu, ardhi isiyonyemelewa na madalali, na mgawo wa haki wa fedha ambayo mgeni ameitoa mjini kabla ya kufika shambani. Hoja yake ni ushahidi kwamba lango lake halifungiki. Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe.

La pili hutoka kwa mgeni. Anasema: nimechoka, nimelipa kwa haki, sikumdhulumu mtu, mbona mnanitwisha historia ya mlima mzima? Naye anasema kweli. Uchovu ni uchovu, na mtu mgonjwa hahojiwi nasaba ya dawa. Simwambii asije. Namwambia kwamba kuna jambo bora kuliko lile alilonunua, na halimo katika orodha ya bei. Aulize, kwa adabu, ni nani aliyeamka ili yeye alale. Aulize kama wenyeji wake nao wana msimu wa kupumzika, na wakiwa nao asije msimu huo. Akae pamoja, si siku moja moja katika mashamba saba. Na siku ile atakapoambiwa kwamba hakuna ziara kwa sababu kuna kazi, asidai fedha yake. Ajue kwamba mlango umeanza kufunguka.

Iko saa moja katika msimu wa karafuu ambayo haimo katika ziara yoyote. Ni usiku, baada ya wachumaji kurudi. Vikonyo vilivyochumwa mchana vimemwagwa juu ya jamvi, na watu wa nyumba wamekaa kuzunguka lile rundo, wakubwa kwa wadogo, wakichambua: karafuu huku, makonyo kule. Vidole hufanya kazi vyenyewe na midomo iko huru. Hapo ndipo husimuliwa hadithi, hutegwa vitendawili, husengenywa majirani, huposwa wachumba kwa mafumbo. Asubuhi karafuu zitaanikwa, na makonyo nayo hayatatupwa. Pemba kiko kiwanda pale Wawi ambacho huyakamua mafuta, na mafuta hayo husafiri hadi yakafika, pengine, katika mgongo wa mtu aliyelala kifudifudi katika chumba chenye muziki wa taratibu, akitafuta pumzi zake.

Kama yuko mtu aliyetoka mbali akitaka kweli kupumzika shambani, mahali pake ni pale penye jamvi. Hapauzwi, kwa sababu anayelipia nafasi ile angeifanya kuwa onyesho, nao wangeanza kuimba kwa ajili yake. Hupewa mtu tu, usiku mmoja, pale bibi wa nyumba anapomwona amesimama mlangoni bila kazi, akamsogezea mkono wa karafuu na kumwambia: kaa, mwanangu, chambua. Hiyo ndiyo siku ya tatu. Huenda kwa hesabu ya kalenda ikawa ya kumi, au ya thelathini, au isifike kabisa katika safari ile. Lakini wahenga hawakuwa wakihesabu kalenda.